Picha ya Habiba Kwenye Barafu

Haya ninayoyaandika ni kweli, tangu herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Msahafu ningeushika, lakini uko juu ya kabati na goti langu la kushoto limegoma kupanda viti tangu mfungo uliopita. Basi chukueni neno langu hivi hivi. Mimi Fikirini Tamimu, mstaafu wa bohari ya chama cha ushirika, mkazi wa Mbuchi, nimetia chumvi katika mambo mengi, sikatai. Nimewahi kusema nilimnyang'anya mamba tenga la samaki na akaniomba msamaha. Nimewahi kusema nilizaliwa na meno mawili. Lakini hili la picha ya marehemu dada yangu Habiba sikulitia hata punje.

Mwaka juzi, Idi ilipotupita siku chache tu, mto ulikuja wote. Sisi watu wa delta maji hatuyashangai. Yanakuja, tunapanda dunguni, yanaondoka, tunarudi kwenye mpunga wetu. Safari hii yalikuja na haraka zake. Asubuhi yalikuwa uani, adhuhuri yamefika kitandani. Nilipoingia chumbani kuchukua kofia nilimkuta kambare mkubwa amelala upande wa mke wangu, amejifunika shuka mpaka kwenye masharubu. Mke wangu Mwajabu anasema hakukuwa na kambare. Mwajabu wakati huo alikuwa ameshapanda juu ya dungu, angemwonaje?

Tulikaa kwenye kibanda kile cha juu ya nguzo siku nne. Tulikuwa tumeokoa mpunga, kuku, redio na godoro moja. Kilichosahaulika kilikuwa chini ya kitanda: sanduku la bati la baba yangu, Haji Tamimu.

Sanduku lile ndilo ukoo wetu. Baba alikwenda Makka kwa meli, enzi ambazo mtu anayekwenda kuhiji aliagwa kama anayekwenda kuzikwa, na alirudi na kila karatasi aliyopewa njiani, maana aliogopa kutupa kitu chenye mhuri. Pasipoti yake ilikuwemo, na tikiti ya meli, na cheti cha kuchanjwa ndui, na tasbihi, na chupa ya zamzam iliyokwisha kabla sijaingia jando. Juu ya vyake vikaongezeka vya wengine: hati za ndoa, barua, kadi za kliniki, vyeti vya darasa la saba, picha za studio. Mtu wa kwetu akitaka kujua alizaliwa lini hasumbui wazee, anakuja kufungua sanduku.

Na ilikuwemo bahasha yenye picha ya Habiba.

Habiba alikuwa mdogo wangu wa kunifuata. Alimzaa Hafsa, na arobaini ya mtoto hakuiona. Hafsa nikamlea mimi na Mwajabu. Leo ni mwanamke wa miaka arobaini na ushee, ana biashara yake ya vitumbua, ana wanawe, na mpaka mafuriko yale alikuwa hajawahi kuuona uso wa mama yake. Watu wote walimwambia: mdomo huo wa mama yako, kicheko hicho cha mama yako. Tangu udogo wake alikuwa akijitazama kwenye kioo kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake. Na picha ya Habiba duniani ilikuwa moja tu, ya studio ya Mohoro.

"Mjomba, nionyeshe," alianza kuniambia akiwa na miaka sita.

"Imebandana na ya babu yako, mwanangu. Uso kwa uso. Tukiilazimisha itachanika, tuwakose wote wawili. Tusubiri mtaalamu."

Tukasubiri mtaalamu zaidi ya miaka thelathini.

Sasa kwa kuwa nimeapa, hapa lazima niseme. Picha zile hazikuwa zimebandana. Nilizifunga mimi kwa uzi, nikaziweka kwenye bahasha, nikaibandika bahasha kwa uji wa muhogo.

Sababu ni Bombei. Nilipokuwa kijana chama kilinipeleka Dar es Salaam wiki mbili kujifunza kupanga magunia. Niliporudi, mtu mmoja pale Mohoro akaniuliza, "Wewe, umetoka wapi mbona umenawiri hivyo?" Nikasema Bombei. Wallahi sikukusudia, neno lilitoka lenyewe. Likishatoka, halirudi; na watu wakataka kusikia habari za ndege. Mpiga picha wa pale mjini alikuwa na pazia kubwa lililochorwa ndege, na ngazi, na mawingu. Nikaazima koti, nikasimama mbele ya ngazi, nikapunga mkono. Picha hiyo nikaitundika sebuleni, na tangu siku hiyo mimi ndiye Mzee Bombei, hata watoto wa madrasa hawalijui jina langu jingine.

Lakini mpiga picha alipiga mara mbili. Upepo wa mtoni ulikuwa ukilipeperusha pazia, ndege ikawa inakunjana mbawa, na Habiba, niliyekuwa nimekwenda naye, akalishika upande mmoja. Picha ya pili ilipigwa kutoka mbali. Humo yanaonekana yote: makuti ya kibanda, ukuta wa udongo, kuku anapita chini ya ndege akidonoa, na Habiba ameshika ncha ya pazia, amekufa kwa kicheko. Nikaificha. Alipofariki ikabainika kwamba ndiyo picha yake pekee. Ningeitoa, Hafsa angempata mama yake, na mimi ningeipoteza Bombei. Nikasema nitaitoa mwaka ujao. Miaka inakimbia sana ukiwa na jina zuri.

Basi maji yalipokwisha kushuka tukalitoa sanduku uani na kulifungua. Lilikuwa limejaa tope hadi nusu. Karatasi zote zimekuwa kama ugali wa jana. Hafsa hakuangalia kingine, aliingiza mkono akaitafuta bahasha. Ikamyeyukia kiganjani. Uzi wangu nao ukakatika. Ndani zikabaki picha mbili, moja ya baba aliyopigwa kabla ya kwenda Makka na moja ya Habiba, zimegandamana kama chapati mbili zilizosahaulika sufuriani.

Hafsa akazigeuza taratibu. Akajaribu pembe kwa ukucha. Akaacha.

"Kweli zimebandana, mjomba," akasema. "Siku zote ulikuwa unaniambia kweli."

Angenitukana ningepumua.

Mvua ilikuwa inaendelea, jua halionekani, na kufika kesho yake asubuhi karatasi zikaanza kuota ukungu wa kijani. Mwajabu akataka tuziweke darini juu ya moshi, kama mbegu ya mpunga. Mimi nikataka tuzipige pasi ya mkaa. Tukawa tunabishana uani, yeye na chungu, mimi na pasi, ndipo akapita Hajira.

Hajira ananunua kamba kwa wavuvi, anawapeleka Dar. Madeli yake, yale masanduku ya plastiki yenye vifuniko vinene yanayotunza barafu, yamepangwa pale bandarini kama maduka. Mwanamke wa maneno machache, na machache hayo ni makali.

"Shikamoo, Mzee Bombei. Hiyo pasi unamnyooshea nani?"

"Marahaba. Nazinyoosha nyaraka. Huko Bombei wana idara nzima ya kazi hii."

"Huko Bombei na waendelee." Akachukua zile picha mbili kwa vidole viwili, akazitazama kwa ubavu. "Kamba nao wakikaa hivi wanaoza. Ukiwaanika kwenye mvua wanaoza. Ukiwapasha moto wanaiva. Mimi kamba wangu nikikosa gari nafanyaje?"

"Unawatia barafu," akasema Hafsa.

"Nawatia barafu, wanalala. Jua likitoka, au gari ikija, nawaamsha. Leteni vitu vyenu kabla havijanuka zaidi."

"Na hizo zilizobandana?" Hafsa akamuuliza.

"Kamba wakigandamana huwa siwavuti, nitawang'oa vichwa. Nawaweka kwenye maji baridi, nawaacha. Wanaachana wenyewe wakiona hakuna anayewasumbua. Picha sijajaribu. Lakini zipo mbili, na wewe unaitaka moja. Nitajaribu."

Tukafungasha ukoo kwenye mifuko ya nailoni. Pasipoti mfuko wake, barua mfuko wao, picha za Habiba na baba mfuko mdogo wa juu kabisa. Hajira akatupatia deli dogo la bluu, akatandika barafu, mifuko, barafu, mifuko, kama anavyopanga kamba. Mimi kwa kuonyesha uchungu wa mali nikalifunga kwa ukili, mizunguko miwili, fundo la kibaharia.

Kosa lilikuwa hapo. Pale bandarini kwa Hajira, deli lililo wazi ni la kungoja, deli lililofungwa ukili ni la safari. Hilo analijua kila mchukuzi wa Mbuchi, na mimi nimekaa Mbuchi miaka yote nikiwatazama wakifunga. Binamu yangu Sijaona mpaka leo anasema nililifunga makusudi. Sikufunga makusudi. Hili naapa mara ya pili.

Siku ya tatu asubuhi jua likachomoza. Hafsa akaja mbio kutoka bandarini, mtandio mkononi.

"Mjomba! Deli halipo! Limekwenda na kamba! Boti imeondoka alfajiri, huko ng'ambo wamepakia kwenye pikapu ya Kheri!"

Kheri ndiye dereva wa Hajira. Tukampigia, simu haishiki. Hajira akahesabu kwa vidole: Kheri atasimama Kibiti kwenye kizuizi cha mazao ya bahari, huko hukagua vibali. Akipita hapo hasimami tena mpaka Dar, na Dar madeli yote yanamwagwa kwenye meza ya kuoshea, mpira wa maji unafunguliwa, na wafanyakazi hawaangalii kitu mpaka kiwe na masharubu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hapo nilisimama na kofia mkononi, na shetani akanipigia hesabu nzuri sana. Deli likienda, siri imekwenda. Hakuna aliyekosa. Nitalia kama wengine, na kulia najua. Nitabaki na ndege yangu ukutani mpaka siku ya kuzikwa. Nikasema, "Goti langu, mwanangu…"

Hafsa hakunisubiri nimalize. Alishaingia kwenye mtumbwi. Alikaa nyuma kwenye tezi, kanga ameifunga kiunoni, anatazama mbele, na namna alivyokaza shingo ilikuwa ya Habiba moja kwa moja. Sikuwahi kumwambia hilo. Wote tulikuwa tunamsifia mdomo. Nikaingia mtumbwini na goti langu.

Ng'ambo tukapata pikipiki moja. Dereva mbele, Hafsa kati, mimi nyuma nimeshikilia chuma cha mizigo. Barabara ilikuwa bado ina maji ya magoti. Penye bonde tulimkuta kiboko amelala katikati ya njia. Dereva akapiga honi, kiboko akainuka, akatazama nyuma kuona kama kuna gari jingine, akatupisha. Dereva wa pikipiki atawathibitishieni, ingawa jina lake sikulishika.

Hafsa akasema bila kugeuka, "Mjomba, ningejua haya, ningekubali ichanike tangu zamani. Ningepata hata nusu. Jicho moja tu lingenitosha."

Nikatema tope. Nikakishika chuma cha mizigo kwa mikono yote miwili.

Kibiti tukafika jua limeanza kuchoma. Pikapu ya Kheri ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, na afisa wa kizuizi, mtu wa makamo aitwaye Mustapha, alikuwa anahesabu madeli na kalamu sikioni. Kibali kinasema tisa. Yeye amehesabu kumi.

"La kumi la nani?" alikuwa anamuuliza Kheri.

"La kwetu!" Hafsa akaruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama.

"Lina nini?"

"Lina baba yake huyu," Hafsa akanionyesha, "na mama yangu."

Mustapha akaivua kalamu sikioni pole pole. Kheri akasogea nyuma hatua mbili. Watu waliokuwa wananunua machungwa wakaacha machungwa.

"Dada, rudia."

"Babu yangu na mama yangu. Wako kwenye barafu tangu juzi. Tunataka kuwarudisha nyumbani."

Nikaona mambo yanakwenda kituoni. Nikajitokeza mbele, nikatoa salamu, nikaeleza kwa ufasaha wangu wote, mafuriko, sanduku, ukungu wa kijani. Mustapha akafungua ukili, akainua kifuniko, akatoa mfuko mmoja. Ulikuwa wa pasipoti. Imegandia imefunguka, na baba yangu Haji Tamimu alikuwa anatutazama kutoka ndani ya barafu na kilemba chake, kama mtu aliyefungiwa dirishani.

"Huyu alisafiri mwaka gani?"

"Kabla ya uhuru," nikasema. "Kwa meli. Leo ni mara yake ya pili kupita mpakani."

Mustapha akacheka kwa pua. Akaangalia fomu yake juu, akaangalia chini. "Mzee, hapa nina safu ya kamba, kaa, pweza na samaki wa mapezi. Wazee sina mahali pa kuwaandika." Akaurudisha mfuko kwa mikono miwili, namna mtu anavyorudisha mtoto aliyelala. "Basi si mazao. Ni mizigo ya abiria. Chukueni, kimbieni kabla hawajayeyuka. Na wewe dada, dawa hiyo ikifanya kazi nipigie. Cheti cha ndoa cha mama yangu kiko kwenye gunia, kimelowana hivyo hivyo."

Tuliongeza barafu kwa wauza samaki pale stendi, tukalipakata deli kwenye pikipiki kama bibi harusi. Habari ilikuwa imetutangulia, sijui kwa simu ya nani, maana kila kijiji tulichopita watu walikuwa wametoka barabarani. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mzee mmoja akavua kofia. "Wazee wanarudi!" dereva wetu akawa anapiga kelele, na honi juu yake. Mimi nimehudhuria mapokezi ya mawaziri pale Mohoro, nikiwa karani, na bendera nimepeperusha. Hakuna aliyewahi kupokewa kama baba yangu siku ile, naye akiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Kesho yake jua likawaka kama la kununua. Uani kwangu hakukuwa na pa kukanyaga. Hajira alikuwa amekuja tangu asubuhi na kutoa amri. Maji ya mto hataki, yana chumvi na tope. Tukamletea ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, yaliyochujwa kwa kitambaa cheupe. Jua nalo hataki. "Mnataka kuwakausha au kuwakaanga? Kivulini." Tukatandaza nyungo thelathini chini ya mkorosho, juu ya kila ungo kipande cha chandarua, na juu ya chandarua karatasi moja moja, zinapepewa na upepo bila kugusa kitu. Majirani wakaja kutazama, na wengine hawakuja mikono mitupu: huyu na hati ya ndoa iliyovimba, yule na albamu ya harusi inayodondosha maji. Wakapanga foleni nyuma ya Hajira kama wagonjwa.

Pasipoti ya baba ilifunguka ukurasa kwa ukurasa. Mihuri ilikuwa imefifia pembeni lakini inasomeka. Tikiti ya meli ikanyooka. Barua ya babu mzaa mama, ya kuomba mahari ipunguzwe, ikasomwa kwa sauti na watu wakashangilia. Kila karatasi ikitoka salama Mwajabu anapiga kigelegele, hata za chanjo.

Halafu Hajira akasema, "Haya. Lete wale wawili."

Hafsa akazileta. Watu wakasogea, hata kuku wakasogea. Hajira akazitia kwenye beseni jeupe la maji baridi, akanawa, akakaa kwenye kigoda, akaweka mikono mapajani.

"Sasa?" Hafsa akauliza.

"Sasa hakuna anayewasumbua."

Tukasubiri. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na jasho linanitoka kwenye kivuli. Nikajiambia: Fikirini, ingia ndani ukalale. Miguu ikakataa. Ilikuwa nusu saa, au zaidi. Hajira akaingiza kidole, akagusa pembe, akayatikisa maji kidogo tu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Pembe ikainuka. Akaacha. Akangoja tena. Akatikisa tena. Picha ya juu ikateleza pembeni yenyewe, polepole, ikaelea.

Ya baba ilipoteza kidogo: ncha ya ndevu zake ilibaki kwenye bawa la ndege, na ipo mpaka leo. Ya Habiba ilitoka nzima.

Hajira akaiinua kwa viganja vyote viwili, maji yanachuruzika, akamgeuzia Hafsa.

Hafsa hakulia. Alisogeza uso karibu mpaka pua ikakaribia kugusa. Akatazama muda mrefu. Kisha mdomo wake ukafunguka, na kikamtoka kicheko, kile kile ambacho Habiba alikuwa nacho mkononi mwa Hajira, meno yote nje, kichwa kimeangukia bega la kulia. Wazee waliowahi kumjua Habiba wakashika vichwa. Mwajabu akakaa chini mavumbini akalia kwa niaba yetu sote.

"Mama ana mimba hapa," Hafsa akasema. Akaonyesha kwa kidole bila kugusa. "Tazameni kanga ilivyopanda. Ni mimi huyu. Na mimi nimo!"

Uwanja ukalipuka. Vigelegele, makofi, mtu akaleta ngoma sijui kutoka wapi. Wakampitisha Hajira katikati, wakamvisha kanga mpya mabegani, wakamtunza. Hafsa akailaza picha kwenye ungo, akawa anazunguka nao kifuani, kila mtu aone, mzee kwa mtoto: "Mama yangu. Na mimi nimo. Mama yangu. Na mimi nimo."

Ungo ukafika kwa binamu yangu Sijaona.

Kwetu binamu ni mtani, na mtani ana ruhusa ya kukutoza mbele za watu akikukamata. Sijaona amenisubiri tangu tukiwa jandoni. Akavaa miwani. Akatazama. Akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hafsa, mwanangu, mama yako ameshika nini hapa?"

"Pazia."

"Pazia la nini?"

Hafsa akatazama. Ngoma ikapungua.

"La… ndege."

"Na huyu aliyesimama kwenye ngazi akipunga mkono, koti la marehemu mwalimu Mudy, ni nani?" Hakungoja jibu. Akaenda mpaka sebuleni kwangu, akaitungua picha yangu ya ukutani, akaileta uani, akaishika kando ya ile ya kwenye ungo. "Koti lile lile. Mkono ule ule. Jamani, naomba kuuliza. Huyu kuku naye alikwenda Bombei?"

Nimewahi kuona watu wakicheka. Sijawahi kuona watu wakianguka. Hajira, ambaye hacheki, alishika mti.

Lakini Hafsa alikuwa hajacheka bado. Alikuja mpaka mlangoni niliposimama, akanitazama, na nikajua amekwisha kupiga hesabu yote: uzi, bahasha, mtaalamu.

"Hazikuwa zimebandana, mjomba."

"Hazikuwa, mwanangu."

"Miaka yote hiyo."

"Miaka yote. Nilimficha mama yako ili nibaki na ndege. Nisamehe."

Uwanja wote ulikuwa unasikia, na sikupunguza sauti.  Hafsa akatazama ungo. "Hata hivyo pikipiki ulipanda," akasema. "Na goti lako." Akamgeukia Sijaona. "Mjomba Sijaona, mtoze. Mtoze sawasawa."

Sijaona alikuwa na orodha tayari, nadhani alikuwa nayo tangu ujana. Kwanza, beberu wangu mweusi, aliyenona, niliyekuwa nimemwekea nia nyingine kabisa. Pili, mchele wa kuwatosha wote waliopo na watakaosikia. Tatu, niandae, nipakue na niwanawishe watu mikono mwenyewe, bila msaidizi. Nne, picha yangu ishuke, ya Habiba ipande mahali pake, na kuku wake. Tano, kila nyumba ya Mbuchi yenye karatasi iliyolowa, nikachote maji, nibebe beseni, nikae kwenye kigoda cha Hajira mpaka karatasi ya mwisho ikauke.

Hiyo ya tano nimeilipa miezi minne. Vidole vyangu vimekuwa laini kama vya mtoto mchanga, na cheti cha mama yake Mustapha nimekikausha mimi.

Ila zile nne za mwanzo nililipa Ijumaa ya wiki ile ile. Nilipita na birika na beseni kwenye majamvi, nikinawisha safu kwa safu, na kila mkono niliomwagia maji uliniuliza swali. "Rubani, huko juu kuna baridi?" Najibu: "Kuna baridi." "Rubani, chakula cha kwenye ndege ni nini?" Najibu: "Mahindi ya kudonoa." Hafsa amekaa katikati ya wanawake, chini ya picha ya mama yake, anacheka na kichwa kimeangukia bega la kulia.

"Mjomba," akaniita, ameinua sahani, "huku nyama haijatosha."

Nikaweka birika chini, nikaenda kumwongezea.